WASTANI WA VIKUNDI: KOMPYUTA INAJUA KUGAWANYA, LAKINI TUMEIAMBIA IGAWANYE NINI?



Wengi wenu mmeniuliza juu ya hii kompyuta ya ofisini. Mnaleta madaftari yenu, kijana anaingiza tarakimu, anabonyeza mahali, na papo hapo jibu linatoka: wastani wa akiba, wastani wa maziwa, wastani wa maji. Watu wanashangaa, wanachukua karatasi yao, wanaenda. Hakuna anayeuliza jibu limetoka wapi. Mimi pia sikuuliza, na kwa sababu hiyo wakati mmoja niliandika ripoti iliyosema watu wana maji ya kutosha, na kumbe hawana.

Basi leo tukae chini ya mti kama tunavyofanya mikutanoni, tuifungue hesabu hii tuone kilicho ndani. Hata kama hujawahi kugusa kompyuta utaelewa. Ukijua kujumlisha na kugawanya, umeshafika nusu ya njia. Kalamu na karatasi tu viwe karibu.

Maji ya mahali patatu

Ilikuwa mwaka wa 2022. Mnaukumbuka wenyewe. Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Ng'ombe walikwisha, mbuzi wakabaki ngozi na mifupa, na watu ambao maisha yao yote walifuata mifugo wakasogea kando ya barabara na kando ya miji, wakasimamisha vibanda vya fito na matambara.

Ofisi moja ya misaada ilituomba tupime kila mtu anapata lita ngapi za maji kwa siku katika eneo moja lenye makao matatu. Kipimo kilichotumika ni kile kinachoitwa Sphere, ambacho mashirika ya misaada pamoja na jumuiya ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu walianza kukitayarisha mwaka wa 1997. Kinasema mtu mmoja asipungukiwe na lita 15 kwa siku za kunywa, kupika na usafi, na kituo cha maji kisiwe mbali na nyumba zaidi ya mita 500. Tuliambiwa hivi: wastani wa eneo ukiwa chini ya 15, lori la tangi litaletwa. Ukipita 15, eneo lisubiri, kwa maana kuna wengine wenye shida zaidi.

Makao hayo nitayaita Mtoni, Sokoni na Bulla ya Mbali. Si majina yao ya kweli, na tarakimu nimezipunguza ili uweze kuzifuata kwa kalamu. Vijana wetu wa kujitolea walienda nyumba kwa nyumba, wakauliza mitungi mingapi inaingia, watu wangapi wanaishi hapo, wakapata lita kwa kila mtu. Haya ndiyo waliyoleta:

Mtoni, nyumba 3: lita 30, 26, 28.
Sokoni, nyumba 5: lita 15, 13, 17, 12, 18.
Bulla ya Mbali, nyumba 10: lita 6, 4, 5, 7, 3, 5, 6, 4, 5, 5.

Watu wa Mtoni wako karibu na Tana, punda anaenda na kurudi kabla jua halijapanda. Wa Sokoni wananunua kwenye kibanda cha maji. Wa Bulla ya Mbali ndio hao waliohama na ukame, na maji yao yanaletwa na mkokoteni wa punda kwa bei anayotaka mwenye mkokoteni.

Jinsi kompyuta inavyoyashika

Kijana wetu mmoja alikuwa amejifunza kuandika programu. Programu ni maagizo tu, yamepangwa moja baada ya jingine, kwa lugha ambayo kompyuta inaielewa. Yeye alitumia lugha iitwayo Python, iliyoanzishwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa watu mwaka wa 1991. Ni lugha inayofundishwa wanaoanza karibu dunia nzima. Na hapa kwetu, mwaka huo huo wa 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na sekondari. Kwa hivyo usishangae mtoto wako akija nyumbani na maneno haya.

Ndani ya kompyuta tarakimu zetu zilikaa hivi:

[[30, 26, 28], [15, 13, 17, 12, 18], [6, 4, 5, 7, 3, 5, 6, 4, 5, 5]]

Usiogope hayo mabano. Ni kama gunia lenye mifuko mitatu ndani yake. Bano la nje ni gunia. Kila bano la ndani ni mfuko, yaani kikundi kimoja. Ndani ya mfuko kuna namba, kila namba ni nyumba moja. Wataalamu wanaiita orodha ndani ya orodha. Daftari la chama lenye ukurasa kwa kila kikundi ni kitu kile kile. Mweka hazina anayefungua ukurasa mpya kwa kila kikundi ameshaanza kufikiri kama mwandishi wa programu bila kujua.

Sasa maagizo. Kwa Kiswahili chetu yako hivi:

Kwa kila kikundi katika orodha, fanya yafuatayo:
jumla iwe 0;
idadi iwe 0;
kwa kila namba katika kikundi hicho, ongeza namba hiyo kwenye jumla, kisha ongeza 1 kwenye idadi;
namba zikiisha, gawanya jumla kwa idadi;
andika jibu, nenda kikundi kinachofuata.

"Jumla" na "idadi" ni kama makopo mawili mezani. Katika kopo la kwanza unamimina lita. Katika la pili unaweka jiwe moja kwa kila nyumba. Ukimaliza kikundi unagawanya lita kwa mawe. Halafu, na hapa ndipo wengi huanguka, unayamwaga makopo yote mawili kabla ya kuanza kikundi kingine.

Fuata kwa kalamu. Mtoni: 30 na 26 na 28 ni 84, nyumba 3, wastani 28. Sokoni: jumla 75, nyumba 5, wastani 15. Bulla ya Mbali: jumla 50, nyumba 10, wastani 5. Hata bila kompyuta umepata.

Kopo ambalo halikumwagwa

Siku ya kwanza programu ya kijana ilitoa majibu haya: Mtoni 28, Sokoni 31.8, Bulla ya Mbali 20.9. Karibu tuipeleke hivyo. Aliyetushtua ni mama mmoja wa usafi aliyekuwa akisikiliza tukisoma kwa sauti. Aliuliza, "Sokoni wamepata wapi thelathini? Hata mwenye maji mengi huko si mlisema ana kumi na nane?"

Alisema kweli. Wastani hauwezi kuwa mkubwa kuliko namba kubwa ya kikundi, wala mdogo kuliko namba ndogo. Ukiona hivyo, acha kila kitu, kuna kosa. Ni kipimo rahisi mno, na hakihitaji diploma.

Kosa lilikuwa wapi? Agizo la "jumla iwe 0" kijana aliliandika juu kabisa, kabla ya kuanza kuzunguka vikundi, badala ya kuliweka ndani ya mzunguko. Kwa hivyo kopo la mawe lilimwagwa kila mara lakini la lita halikumwagwa. Zile 84 za Mtoni zikaingia Sokoni: 84 na 75 ni 159, gawanya kwa 5, ndiyo 31.8. Kisha 159 na 50 ni 209, gawanya kwa 10, ndiyo 20.9. Maji ya Mtoni yalihesabiwa kwa watu wa Bulla ambao hawakuonja hata tone.

Katika Python jambo hili linaletwa na nafasi tupu mwanzoni mwa mstari. Mstari ukisogezwa kulia uko ndani ya mzunguko, unarudiwa kwa kila kikundi. Ukiachwa kushoto uko nje, unafanywa mara moja tu. Kitu kidogo kama hicho. Nimewahi kuwaona waweka hazina wakifanya kosa hili hili kwa kalamu, wakianza ukurasa mpya na jumla ya ukurasa wa zamani bado ikiwa kwenye kikokotoo.

Kosa langu mimi

Kijana alirekebisha. Tukapata 28, 15 na 5, sawasawa kabisa. Ofisi ile ilitaka namba moja ya eneo lote, si tatu. Nikamwambia kijana, "Si una wastani tatu? Zijumlishe, gawanya kwa tatu." Akafanya. 28 na 15 na 5 ni 48. Gawanya kwa 3, unapata 16.

Kumi na sita. Imepita kumi na tano. Niliandika, nikatia sahihi, nikapeleka. Lori halikuja.

Wiki iliyofuata nilienda Bulla ya Mbali. Mama mmoja mzee, mweka hazina wa kikundi chao, alikuwa amesikia juu ya ile ripoti. Akanikalisha kwenye mkeka, akanipa chai ya rangi, ndogo sana, na nikajua maana ya udogo ule. Kisha akasema, "Dada, hizo lita kumi na sita ni za nani? Nionyeshe nyumba yake nikamsalimie."

Nilirudi ofisini nikapitia orodha. Katika nyumba zote 18 tulizopima hakuna hata moja iliyokuwa na 16. Hilo peke yake si kosa, maana wastani si lazima uwe namba ya mtu yeyote. Lakini lilinifanya niketi na kalamu. Nyumba 10 kati ya 18 zilikuwa na lita 7 au chini. Inawezekanaje zaidi ya nusu ya nyumba wako chini ya 8 na wastani uwe 16?

Nilipohesabu upya niliona. Jumla ya namba zote ni 84 na 75 na 50, yaani 209. Nyumba zote ni 3 na 5 na 10, yaani 18. Gawanya 209 kwa 18, unapata 11.6. Si kumi na sita. Iko chini ya kumi na tano, na lori lilistahili kuja.

Nilichofanya mimi ni wastani wa wastani. Nilikipa kila kikundi sauti moja sawa, bila kujali kina nyumba ngapi. Nyumba 3 za Mtoni zikapata uzito sawa na nyumba 10 za Bulla. Ni kama kwenye baraza useme, "Kila ukoo upige kura moja," na ukoo mmoja una watu watatu na mwingine una watu kumi. Wale kumi wamezimwa kwa hesabu tu, na hakuna aliyewakosea adabu.

Kompyuta haikukosea. Iliambiwa ijumlishe tatu na igawanye kwa tatu, ikafanya. Agizo sahihi lingekuwa na makopo mengine mawili, makubwa, yanayokaa nje ya mzunguko na yasiyomwagwa kamwe: jumla kuu na idadi kuu. Kila kikundi kikiisha, kabla ya kumwaga makopo madogo, unamimina yaliyomo ndani ya makubwa. Mwishoni unagawanya jumla kuu kwa idadi kuu. Kwa hivyo utaona kwamba kopo lisilomwagwa, ambalo kwanza lilikuwa kosa, mahali pengine ndilo linalotakiwa. Inategemea swali ni lipi: swali la kikundi au swali la eneo.

Nilipeleka ripoti ya pili, nikaandika wazi kwamba ya kwanza ilikuwa kosa langu. Lori lilikuja baada ya wiki tatu. Watoto waliougua kuhara wiki hizo sikuwahesabu, na sitajifanya kwamba nilihesabu.

Kwa nini kosa hili linaishi muda mrefu

Kwa sababu mara nyingi halionekani. Tazama mfano mkubwa zaidi. Katika sensa ya 2019, kama ilivyochapishwa, Garissa ilikuwa na watu 841,353 katika nyumba 141,394. Wajir watu 781,263, nyumba 127,932. Mandera watu 867,457, nyumba 125,763. Ukigawanya kila kaunti peke yake unapata karibu watu 5.95 kwa nyumba Garissa, 6.11 Wajir na 6.90 Mandera. Fanya kosa langu: jumlisha hizo tatu, gawanya kwa 3, unapata 6.32. Sasa fanya sawa: watu wote ni 2,490,073, nyumba zote 395,089, unapata 6.30.

Tofauti ni ndogo hivi kwa sababu kaunti hizo tatu zina nyumba karibu idadi sawa. Mtu akifanya hesabu hiyo mara kumi na isimwumize, ataiamini mara ya kumi na moja, na siku hiyo vikundi vitakuwa 3, 5 na 10. Ikiwa vikundi vyote vina wanachama sawasawa kabisa, wastani wa wastani ni sahihi. Visipokuwa sawa, usiuguse.

(Nazitumia tarakimu hizo kwa mfano tu. Sisi wa huku tunajua jinsi sensa inavyogombewa. Mwaka wa 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, tano kati yake zikiwa za kwetu: Lagdera, Wajir Mashariki, na Mandera ya Kati, Mashariki na Magharibi. Kesi ikaenda mahakamani. Na matokeo ya 2019 pia yamefika Mahakama Kuu hapa Garissa. Programu haijui lolote juu ya hayo. Ukiitilia namba inayobishaniwa itakupa wastani unaobishaniwa, tena wenye nukta mbili za desimali na sura ya ukweli.)

Na wacha niseme jambo moja kabla msomaji mkali hajaniandikia. Hata ile 11.6 yangu si kamili. Nyumba moja ina watu 3, nyingine ina 11, na mimi nimezihesabu kila moja kama jiwe moja. Ukitaka kweli wastani wa mtu, jumlisha lita zote zilizoingia nyumba zote, kisha gawanya kwa watu wote. Ni kosa lile lile, limeshuka ngazi moja chini. Siku hizi vijana wetu wanaandika safu mbili, lita za nyumba na watu wa nyumba, na kugawanya kunafanywa mwisho tu. Ukigawanya mapema umetupa kitu ambacho hutakipata tena.

Sifuri na pengo

Hapa pana hatari nyingine, na kwangu mimi ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haitokani na programu. Inatokana na sisi tunaojaza daftari.

Sokoni kulikuwa na nyumba ya sita ambayo mlango ulifungwa, wenyewe wameenda msibani. Kijana mmoja akaandika 0. Angalia inavyoharibu: 75 gawanya kwa 6 ni 12.5, na Sokoni waliokuwa na 15 wameonekana maskini wa maji. Kinyume chake, Bulla ya Mbali kulikuwa na nyumba ambayo siku ile haikupata maji kabisa, hata kikombe kimoja, na aliyeuliza akaacha pengo kwa huruma au kwa haya. Ile ilikuwa sifuri ya kweli. Ilistahili kuandikwa: 50 gawanya kwa 11 ni 4.5. Ukiacha pengo, nyumba iliyo na shida kuliko zote inatoka kabisa kwenye hesabu, na wastani wa kikundi unapanda kwa sababu hiyo.

Kwa hivyo: nyumba haikuulizwa, acha wazi na uandike "haikuulizwa". Nyumba iliulizwa na haina, andika 0. Programu nzuri huruka pengo bila kuweka jiwe kwenye kopo la idadi, lakini sifuri inawekewa jiwe.

Na ikiwa kikundi kizima hakina hata nyumba moja iliyoulizwa, kwa mfano watu wamehama wote na mifugo? Idadi ni 0, na kugawanya kwa 0 hakuna. Python inasimama hapo hapo na kuonyesha maandishi ya kosa, na vikundi vilivyobaki havihesabiwi. Dawa ni agizo moja kabla ya kugawanya: idadi ikiwa 0, andika "hakuna habari", endelea mbele. Wengine huweka jibu liwe 0 ili mashine inyamaze. Usifanye hivyo, utakuwa umesema watu wana kiu na kumbe hawako.

Kuna vijambo viwili vidogo vya mashine, nitavipita haraka. Ukiandika "20 lita" mahali pa namba, kompyuta inaona maneno, si namba. Na ukiiambia iunganishe maneno "20" na "15" itakupa "2015", si 35. Andika namba tupu, kipimo kiandike juu ya safu. La pili ni la matoleo ya zamani ya Python, kabla ya toleo la tatu lililotoka mwaka wa 2008: ukigawanya namba nzima kwa namba nzima ilitupa masalio, hivyo 209 kwa 18 ilitoa 11 bila desimali. Kama kompyuta ya kikundi chenu ni ya kupewa na ni ya siku nyingi, ijaribuni kwanza kwa 7 gawanya kwa 2. Ikisema 3, ina tabia hiyo.

Orodha iliyokwisha kufungwa mafungu

Wakati mwingine hampati namba ya kila nyumba. Mnapata mafungu. Mzee wa kibanda cha maji hawezi kukumbuka kila mtu, lakini atakuambia: "Nyumba 6 huchukua mtungi mmoja kwa siku, nyumba 9 mitungi miwili, nyumba 4 mitungi mitatu, na moja mitungi minne."

Anayeanza huona namba 1, 2, 3 na 4, anajumlisha 10, anagawanya kwa 4, anasema wastani ni mitungi miwili na nusu. Kosa letu lile lile limevaa kanzu nyingine. Kila fungu lazima lizidishwe kwa idadi ya nyumba zake. 1 mara 6 ni 6. 2 mara 9 ni 18. 3 mara 4 ni 12. 4 mara 1 ni 4. Jumla mitungi 40. Nyumba ni 20. Wastani ni mitungi 2, yaani lita 40 kwa nyumba, si 50. Nyumba yenye watu 6, ambao si wengi kwa huku kwetu, kila mmoja anapata chini ya lita 7.

Fungu likiwa na mipaka, kama "lita 20 hadi 40", chukua katikati yake, 30, kisha uzidishe vile vile. Lakini andika "karibu" mbele ya jibu, maana hujui kama watu wa fungu hilo wamejazana kwenye 21 au kwenye 39.

Bado namba moja haitoshi

Taarifa za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame zimejaa wastani: bei ya mbuzi, maziwa, mwendo wa kwenda majini. Ni kazi ya maana na nawaomba makatibu wazisome. Lakini tazama mvua yetu wenyewe. Baada ya misimu mitano mikavu ikaja mvua kubwa ya mwisho wa 2023, Tana ikafurika, barabara ikakatika. Ukichukua wastani wa misimu hiyo utapata mvua ya wastani, na hakuna msimu hata mmoja ambao mtu yeyote wa Garissa aliiona mvua hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa 11.6. Ingeleta lori, sawa, lakini lori lenyewe liende wapi? Mtoni wana 28. Kwa hivyo siku hizi hatupeleki namba moja. Tunapeleka wastani wa eneo, wastani wa kila kikundi, idadi ya nyumba zilizoulizwa katika kila kikundi, na namba ndogo na kubwa kuliko zote. Ni mistari minne tu, na programu inaitoa kwa pumzi moja. Ofisi ikisema haina nafasi kwenye fomu, tunaandika nyuma ya karatasi.

Zoezi la mkutano ujao

Vikundi viwili vya akiba. Cha kwanza kina wanachama 4, waliweka shilingi 200, 300, 250 na 250. Cha pili kina wanachama 16, kila mmoja aliweka shilingi 50. Tafuteni wastani wa kila kikundi, kisha wastani wa mwanachama kwa vikundi vyote viwili pamoja. Katibu aandike ubaoni kila hatua, na asiyejua kusoma ashike makopo mawili na mawe.

Majibu: kikundi cha kwanza 250, cha pili 50, na vyote pamoja shilingi 90. Mkipata 150, rudini kwenye makopo makubwa.